Punje ya Kahawa Shavuni mwa Mama Yako

Nyakakika, nyumbani

Mwanangu Kemi,

Umeenda Rugu kumuaga bibi yako, na mdogo wako Alinda amekusindikiza, kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu mpaka jioni. Begi lako liko mlangoni limefungwa kamba, na shangazi yako ameshalijaza kila kitu ambacho mtu anaweza kusahau. Mimi sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za chandarua, wala za jinsi ya kuishi na watu wa Katavi. Hayo umeshaambiwa na kila aliyepita hapa, hata na wale ambao hawajawahi kuvuka Biharamulo. Wewe ni muuguzi, una ajira ya serikali, na unajua mengi kuliko mimi. Mimi nataka kukuandikia habari ya jino.

Usicheke. Au cheka, ila nimeona unavyocheka siku hizi, midomo imefumba na kiganja kiko shavuni.

Tangu umalize chuo ukarudi hapa kusubiri ajira, unatafunia upande wa kushoto. Karafuu za kwenye kopo la viungo zimekwisha na hakuna aliyepika pilau. Ndizi unaziponda kwa uma kama unamlisha mtoto. Asubuhi unasukutua kwa maji ya chumvi nyuma ya jiko, ukidhani wanaokuona ni mbuzi tu. Nimekuuliza zaidi ya mara moja, na kila mara umenijibu kwa sauti ileile tulivu, "Haliumi, tata. Ni ganzi tu." Juzi nilipokuuliza mbele ya shangazi yako, akadakia kwa furaha, "Huyu ni mama yake mtupu. Hana makelele." Nikaona umefurahi kuambiwa hivyo. Hapo ndipo nilipojua lazima niandike, maana uso kwa uso ningeanza utani, na nikishaanza utani sifiki ninakokwenda.

Jino langu la kwanza kung'olewa unalijua. Kijiji kizima kinalijua. Lilikuwa gego la chini, liliniuma wakati wa kuvuna kahawa, na mimi sikuficha. Niliugulia mchana, nikaugulia usiku, nikafunga shavu kwa kanga ya mama yako na kutembea nayo barabarani. Watu walikuja kunipa pole kama mtu aliyenusurika ajalini. Mmoja alileta mayai, mwingine sabuni, mwalimu wa dini alikuja kuniombea. Mama yako alinipeleka hospitali, akakaa nje kwenye benchi na chupa ya uji mpaka nilipotoka. Tangu hapo jino hilo halijaacha kukua. Kila tulipokaa kunywa rubisi niliombwa nilisimulie, na kila niliposimulia mizizi iliongezeka. Nilikuwa nasema daktari aliweka goti kifuani mwangu. Hakuna goti lililowekwa, Kemi. Alikuwa daktari mdogo wa mwili, mpole, na sindano ya ganzi ilifanya kazi. Lakini watu walicheka, na mama yako alicheka pamoja nao huku akigawa rubisi.

Sasa hivi nikikumbuka zile jioni, namtazama yeye. Najaribu kukumbuka kama alikuwa anacheka midomo imefumba. Siwezi kukumbuka, kwa sababu wakati ule macho yangu yalikuwa kwa wasikilizaji.

Jino lake lilianza akiwa na mimba ya Alinda. Hili nililijua baadaye, nitakwambia nilivyolijua. Wakati huo alimwambia bibi yako, na bibi yako akamjibu alivyojibiwa yeye enzi zake, kwamba mimba hula meno na akijifungua litatulia. Akajifungua, halikutulia. Lakini sasa alikuwa na mtoto mchanga, na nani anamwambia mtu habari ya jino wakati watu wanakuja kumwona mtoto? Akaliacha. Likawa linakuja na kuondoka, siku likiondoka anasahau, siku likija anajikaza.

Uliza watu wa hapa juu ya mama yako, Leokadia, watakwambia kuhusu senene. Msimu wa senene ukifika alikuwa anawakaanga, anatugawia, na fungu lake anawawekea ninyi watoto. Jirani wakisema, "Huyu mama ana roho nzuri," mimi natingisha kichwa kwa fahari. Roho nzuri alikuwa nayo kweli. Lakini kabla ya jino lile mama yako alikuwa anagombania senene na mimi mpaka wa mwisho kwenye sahani. Hilo nililisahau kabisa, na nimelikumbuka mwaka huu tu, nilipokuona unamsogezea Alinda sahani yako.

Halafu kuna siku ya wajomba zako. Ulikuwa mkubwa kiasi, ulikuwa shuleni. Kaka zake walikuja kutoka Songambele, mjomba wako Projestus akiwaongoza, na mimi nilitaka waone dada yao ameolewa pazuri. Nilifagia mwenyewe uwanja. Tulipokaa, mama yako akaleta kile kikapu kidogo cha mfuniko chenye kahawa za kutafuna. Unajua ilivyo kwetu, mwenye nyumba huchukua punje ya kwanza akaitafuna mbele ya wageni, ndipo kikapu kinazunguka. Nilimwachia yeye aanze, maana ni ndugu zake. Akachukua punje, akaiweka mdomoni, akaisukuma shavuni, akapitisha kikapu.

Projestus alikuwa anamwangalia. "Mbona hutafuni?" akamuuliza kwa Kinyambo.

"Nitatafuna."

"Utatafuna lini, dada? Au kahawa ya hapa ni ya wageni tu?"

Nikaingilia, maana mimi kimya hunishinda. Nikasema, "Muacheni, siku hizi dada yenu amekuwa bibi harusi tena, anaona aibu kutafuna mbele ya wanaume." Wakacheka wote. Projestus alicheka kidogo, kisha akaendelea kumwangalia dada yake mpaka chakula kilipokuja.

Walipoondoka nilimgeukia. Nilimwambia ameniaibisha, ndugu zake wataenda kusema Songambele kwamba ananyanyaswa, kwamba hata kahawa ya mumewe inamkaa kooni. Akatema ile punje kiganjani. Ilikuwa nzima, imelowa tu. Akasema, "Linaniuma, Baba Kemi. Linaniuma sana."

Nami nikamwambia hivi, neno kwa neno, kwa sababu maneno haya hayajawahi kunitoka kichwani: "Wewe? Umezaa mara mbili, hata jirani hawakusikia sauti. Leo ushindwe na jino?"

Kemi, niliona namsifu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kama ningemtukana. Sikusema kwa ukali hata kidogo, nilishatulia. Nilisema kwa mapenzi, nikamshika bega. Na yeye akatabasamu, akaitupa ile punje nje, akaenda kuosha vyombo. Ningemtukana angelia, angekwenda kwa kaka zake, Projestus angempeleka hospitali. Nilimsifu, akabaki.

Hakunitajia tena jino.

Ile wiki ya mwisho unaikumbuka kwa namna yako na sitaki kukuchafulia kumbukumbu zako. Wewe unakumbuka alikuwa amevimba shingo, na kwamba alikusuka nywele siku moja kabla ya kupelekwa. Mimi nakumbuka nilivyomkuta amekaa kitandani wima, hawezi kulala, hawezi kumeza mate yake mwenyewe, uvimbe umeshuka kutoka kwenye taya mpaka chini ya kidevu na ngozi imekuwa ngumu kama ubao. Pumzi yake ilikuwa na mlio. Tulimpakia kwenye gari la mtu. Hospitali daktari akaniuliza mimi, kwa sababu mama yako mdomo haukufunguka tena, "Hili jino limeanza kumuuma lini?"

Nikajibu haraka, "Wiki hii, daktari."

Leokadia akatikisa kichwa. Kisha akachukua mkono wake akauweka tumboni. Daktari akadhani na tumbo linauma, akaanza kumminya. Mimi nilielewa. Alikuwa anasema tangu mimba ya Alinda. Na Alinda wakati huo alikuwa ameshaanza kutumwa dukani.

Walifanya walichoweza. Usaha ulikuwa umeshashuka kifuani. Hakuvuka siku ya pili.

Msibani, baada ya misa, mtu alisimama akasoma wasifu wa marehemu. Akasoma amezaliwa Songambele, ameolewa Nyakakika, ameacha mume na watoto wawili. Akasoma, "Aliugua kwa muda mfupi." Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nikaacha isomwe hivyo. Wanawake nyuma yangu wakawa wananong'ona, "Mama asiyelalamika, huyu. Alikuwa jasiri." Na hiyo ndiyo hadithi iliyobaki. Jino langu, ambalo lilitoka na mimi nikarudi nyumbani kula uji, linasimuliwa mpaka leo. Jino lake lililomchukua limebaki na maneno mawili, muda mfupi.

Baada ya msiba huo liliniuma jino lingine, la juu. Nikaenda peke yangu. Mtaalamu wa meno akanichoma ganzi, akashika koleo, na kabla hajavuta nikaanza kulia. Sio machozi ya kujifuta, nililia mpaka mabega yakatikisika. Akasimama. "Mzee, bado linauma?" Nikasema ndiyo. Akaongeza sindano. Nikaendelea kulia. Wagonjwa waliokuwa nje walinisikia, na nilipotoka mzee mmoja akaniambia, "Pole sana, meno ya juu ndivyo yalivyo." Nikaangalia benchi. Hapakuwa na mtu na chupa ya uji.

Sasa, ukiniuliza leo hilo jino liliuma kiasi gani, siwezi kukwambia. Hakuna kitu ninachokumbuka cha jino lenyewe. Nililia kuliko nilivyowahi kulia, na jino halikuwemo humo.

Na nyinyi wenyewe je? Jino lako la utoto lililokataa kudondoka aliling'oa yule bwana wa zahanati. Ulipiga kelele mpaka wanawake wa kliniki wakakusanyika mlangoni. Mama yako alikuwa ndani anakushika, akikwambia, "Lia, mwanangu, lia tu, linaisha." Kisha akakununulia andazi na kukubeba mgongoni njia nzima, mtu mzito kama wewe. Ukisimulia sasa unasema halikuuma hata kidogo, unakumbuka andazi. Alinda naye alipofika umri huo nilimpeleka mimi, kwa bwana yuleyule, na koleo lilelile nadhani. Mama yenu hakuwepo tena. Nilimwambia kijana wangu, "Wewe ni mwanaume, usinitie aibu." Hakutoa hata mguno. Nikamsifu njia nzima. Na mpaka leo, mvulana mrefu kuliko mlango, ukimtajia daktari wa meno anatoka nje. Anasema alidhani atakufa. Mwaka jana ndiyo ameniambia, tukipalilia migomba, na alisema huku amenipa mgongo.

Nimefikiri sana juu ya haya, maana nina muda, na migomba haijibu. Sina elimu yako. Ninachokiona ni kwamba jino likishatoka, mtu habaki na jino, anabaki na waliokuwepo pale na walichomwambia. Wewe uliruhusiwa kulia, ukabaki na andazi. Alinda alikatazwa, akabaki na koleo. Mimi nilipewa mayai na sabuni, nikabaki na hadithi ya kuchekesha watu. Mama yako tulimpa sifa.

Na wewe nawe naona umeanza kugawa hizo sifa. Wiki iliyopita Mama Jovin alikuletea mtoto wake mwenye jipu, ukamwosha vizuri, una mkono mwepesi kweli. Mtoto akaanza kulia, nawe ukamwambia kwa upole, "Ah, wewe mwanaume bwana." Akanyamaza papo hapo, amekukazia macho. Kisha mama yake akasema na yeye mgongo unamsumbua tangu ajifungue, nawe ukamwambia, "Vumilia, mama, ni mambo ya wanawake." Nilikuwa nimekaa nje nachambua kahawa na nilisikia sauti yangu ikitoka mdomoni mwako. Sikulaumu, umeipata wapi kama si hapa? Ila huko uendako utakaa upande wa pili wa meza, na watakuja wanawake wameweka mikono yao tumboni, na atakuwepo mwanaume kama mimi wa kujibu haraka, "Wiki hii." Tafadhali mwangalie mwanamke. Mpe muda. Kama hawezi kusema, angalia mkono wake umekwenda wapi.

Hayo ni ya kazi, na kazi utaijua kuliko mimi. Lakini huwezi kumsikia mtu mwingine wakati la kwako umelisukuma shavuni.

Mwanangu, ninaogopa. Niseme wazi. Najua kuripoti ni Jumatatu na umefurahi, na mimi nimefurahi, nimewaambia watu mpaka wamechoka. Lakini kila nikifikiria wewe peke yako katika nyumba ya watumishi huko, unasukutua kwa maji ya chumvi nyuma ya jiko na kumwambia kila mtu haliumi, usingizi unapaa. Sikuwa na hofu hii kwa mama yako. Ningekuwa nayo, huenda leo angekuwa hapa anabishana na shangazi yako juu ya begi.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kesho asubuhi majirani watakuja kukuaga, na shangazi yako atatoa kile kikapu. Kwa kuwa wewe ndiye unayeondoka, kitaanzia kwako, na wote watakuwa wanakuangalia mdomoni. Usiweke punje shavuni. Sema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jino linaniuma." Watashtuka kidogo, shangazi yako atataka kusema neno juu ya mama yako, nami nitamkatiza. Nitakuwa nimekaa karibu nawe. Nipe hiyo punje mkononi, nitaitafuna mimi kwa ajili yako, kwa upande huu uliobakiwa na meno.

Kisha tutashuka wote Kayanga, wewe na mimi, kwa daktari wa meno kabla ya kitu kingine chochote. Basi utapanda kesho kutwa, nimeshaongea na wakala. Ukitaka kulia humo ndani, lia, hata wagonjwa wa nje wasikie. Mimi nitakuwa kwenye benchi na chupa ya uji. Ukitoka nitakuuliza kama liliuma, halafu nitanyamaza mpaka umalize kusimulia.

Baba yako